Hewa Isiyopimwa

Fundi mkuu alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili katika kazi ya kuchomelea, na karakana nzima ilimwita Mkono wa Hariri kwa jinsi mishono yake ya tigi, ule uchomeleaji wa kukingwa kwa gesi, ilivyolala kwenye chuma kama iliyopigwa cherehani. Sifa zilimvimbisha kichwa. Msimamizi wa usalama, mama mmoja mpole, alipopita na fomu zake, fundi huyu ndiye aliyeanzisha mzaha: eti mama huyu akiachiwa atatuvalisha barakoa hata tukila.

Jumanne moja kulikuwa na tangi la chuma cha pua la kumaliziwa kwa ndani. Aliyepangiwa kuingia ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Fomu ilitaka hewa ipimwe kwanza, kwa sababu gesi ya agoni inayokinga mshono ni nzito. Hutuama chini, haina harufu, na humnyang'anya mtu pumzi bila kubisha hodi. Kipimo kilikuwa kabatini, ng'ambo ya ua. Fundi mkuu akaandika "imepimwa", akatia sahihi.

Haikupita nusu saa, mwanga ndani ya tangi ukazimika. Aliita, kimya. Alichungulia akamwona shemeji yake amelala kifudifudi, akataka kujitosa. Msimamizi akamdaka ukosi.

"Ukiingia hivyo, nitatoa wawili."

Alifunga gesi, akaingiza feni, wakamvuta kijana wa watu kwa kamba ambayo mama huyo alikuwa amemfunga asubuhi. Alitoka midomo imegeuka rangi. Alipopuliziwa pumzi mara kadhaa, akakohoa.

Hospitalini mama mkwe alimshika fundi mkuu mikono yote miwili. "Baba, Mungu akuweke. Usingekuwapo, leo tungekuwa na matanga."

"Tumshukuru Mungu, mama," alijibu.

Alitoka wodini hadi ukumbini. Msimamizi alikuwa ameketi kwenye benchi, ile fomu mapajani. Alimtazama tu. Afadhali angemtukana. Fundi mkuu akarudi ndani, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, si mimi niliyemwokoa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hewa imepimwa, na sikuipima."

Mkewe, aliyeketi kando ya kitanda, aligeukia ukutani. Mgonjwa ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kukwaruza, "Ulikuwa umechoka, shemeji?"

Swali hilo lilimfungulia mlango wa kutokea, wazi kabisa.

"Sikuchoka. Niliona uvivu kuvuka ua."

Shemeji alipona, akarejea kazini baada ya wiki tatu. Fundi mkuu alivuliwa cheo, naye hakulalamika. Nyumbani mkewe hakumfokea hata siku moja. Alimpakulia chakula, akamwandalia mezani vizuri, kisha akaenda kula jikoni na watoto. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, na mwanamume yule alikula ameinamia sahani, akimsikia mkewe na watoto wakizungumza upande wa pili wa ukuta.