Mikono Sitini ya Kushoto

Karakanani walimwita Mkasi, kwa kuwa ndiye aliyekata vitambaa vyote kabla mafundi wa cherehani hawajavigusa. Kazi ya kukata hufanywa wima, na hilo lilimfaa sana, maana kiti kilikuwa adui yake. Hedhi ikifika hakukaa popote: si kwenye benchi la chakula cha mchana, si kwenye kochi la jirani. Alisimama. Watu wakamsifu kwa bidii, naye akaziacha sifa zipite, kwani angewaambia nini?

Jumanne hiyo ilikuwa siku yake ya pili, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Alikuwa amevaa pedi mbili, juu yake tabaka la mabaki ya fulana aliyoyakata mwenyewe, kisha sketi nyeusi, kisha koti refu la kazi la kusitiri yote. Kabla ya saa nne alishaenda chooni mara tano. Kichwa kilikuwa chepesi, miguu mizito, masikio yakivuma. Mezani palikuwa na tabaka thelathini za kitambaa cha makoti ya kiwandani. Akalaza karatasi ya kipimo cha mkono, akachora, akaisogeza, akachora tena, akawasha mashine ya kukatia.

Hakuigeuza karatasi. Kitambaa kile kina uso na mgongo, kwa hiyo mkono wa kulia unataka karatasi ipinduliwe, jambo ambalo mwanafunzi wa wiki moja analijua. Mkasi, mwenye miaka kumi na sita mezani, alikata mikono sitini na yote ilikuwa ya kushoto.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja ambaye hasira zake huanza kwa upole. Aliokota mkono mmoja, akaokota wa pili, akaupachika huu juu ya ule.

"Hebu niambie, mwenzangu," akasema. "Wateja wenye mikono miwili ya kushoto tutawatoa wapi?"

Mafundi wakacheka. Mkasi naye alitaka kucheka, ila alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na mwenye karakana akaiona ile mikono.

"Wewe unaumwa. Usinibishie, midomo imekuwa myeupe kama chaki. Nakupa wiki moja. Nenda hospitali, urudi na dawa inayofanya kazi, usirudi na hadithi. Ikishindikana, meza nampa mwingine. Siwezi kukuacha na wembe unaozunguka ukiwa hivi, siku moja utajikata vidole."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Nje ya meza ile Mkasi hakuwa na mbele wala nyuma. Ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Aliogopa, na alikuwa amechoka mno, hata kuogopa kwenyewe kulimshinda.

Nyumbani mama alimpokea na aspirini mbili na bilauri ya maji, kama kila mwezi.

"Hospitali ya nini tena?" mama akauliza. "Ndivyo tulivyo, mwanangu. Bibi yako hivyo, mimi hivyo, mama yako mdogo hivyo mpaka Mungu alipomchukua kwenye uzazi wake. Sisi damu yetu ni nyingi. Meza, ujilaze."

Mkasi akameza, akajilaza juu ya karatasi ya nailoni iliyokaa chini ya shuka lake tangu alipovunja ungo. Huo ndio ulikuwa usingizi wake: saa mbili, chooni, saa mbili, beseni la kufulia.

Hospitali alifika alfajiri akaonwa saa sita. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, aliyeuliza maswali huku akijipangusa pua.

"Hedhi yako ikoje?"

"Ya kawaida," Mkasi akajibu.

Ndiyo, mtu aliyeletwa na damu alisema ya kawaida! Wala hakuwa anaficha. Ndivyo alivyokwisha jibu katika zahanati tatu kwa miaka kumi, na kote aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Huyu naye akaandika vivyo hivyo.

Dirisha la dawa likamletea pakiti nyekundu. Alizijua pakiti zile. Droo ya nyumbani ilikuwa imejaa ndugu za pakiti hiyo. Akasimama palepale, watu nyuma yake wakiguna, na mikono sitini ikamrudia kichwani. Alikuwa amechora kwa karatasi moja bila kuigeuza. Na yeye mwenyewe je? Alijipima kwa mama, mama akajipima kwa bibi, wote upande mmoja, na hakuna aliyewahi kujipima kwa mwanamke wa nyumba nyingine. Alishikwa na hasira, na ilikuwa hasira nzuri, ya kwanza baada ya miezi mingi ya uchovu mtupu.

Akageuka, akausukuma mlango wa daktari.

"Foleni, dada!" sauti tatu zikapazwa.

"Nimekudanganya, daktari, bila kukusudia," Mkasi akasema. "Ni ya kawaida kwetu. Sijui kwa wengine ikoje. Mimi navaa pedi mbili pamoja na vitambaa, na saa moja haiishi vimelowa. Inakwenda siku tisa. Yanatoka mabonge makubwa. Nalala juu ya nailoni."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

"Ukijikata kazini, damu inakoma haraka?"

Mkasi akacheka kidogo. Karakanani alipigwa marufuku kushika vitambaa vyeupe akiwa na hata mchubuko, kwani tone lake moja lilikuwa haliishi.

"Na kwenu ni nani mwingine yuko hivi?"

"Wote."

"Maumivu unatuliza na nini?"

"Aspirini. Mama ananipa."

Daktari akafumba macho kidogo. "Aspirini uache leo hii. Inazuia damu kuganda." Akaichana ile karatasi ya kwanza.

Alipimwa: damu aliyokuwa nayo ilikuwa kama nusu ya inayotakiwa. Alipigwa picha ya tumbo, kizazi kikaonekana hakina uvimbe. Wakamtundikia dripu ya madini ya chuma, wakampa vidonge vya kupunguza damu, vya siku za hedhi peke yake, na vipimo vya kuganda wakavituma maabara kubwa. Vingechukua wiki nne. Mwenye karakana alivisoma vyeti mara mbili, akasema, "Haya, hii si hadithi," akamrudishia meza.

Majibu yaliangukia siku yake ya pili ya hedhi. Daktari alitaka aje na mama, na mama alikwenda akinung'unika njia nzima kwamba yeye hedhi alishaiaga zamani.

"Damu yenu inachelewa kuganda," daktari akawaeleza. "Mmerithishana. Haiondoki, ila inatibika. Hivi vidonge ni mwanzo, na kipo kitanzi chenye dawa kinachowekwa kwenye kizazi, tutazungumza."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Na mtu akiwa anajifungua?"

"Akijulikana mapema, anaandaliwa dawa kabla. Wengi wanajifungua salama."

Mama akashukuru, akatoka. Koridoni akaketi kwenye benchi la mbao lililopakwa rangi nyeupe.

"Mdogo wangu aliniuliza," akasema. "Mtoto ameshatoka, damu inashuka tu. Mkunga akasema tumkimbize hospitali. Naye akaniuliza mimi, dada, hii ni ya kawaida? Nikamwambia ndiyo, tulia, ndivyo tulivyo."

Akaanza kulia bila sauti, mikono imelala mapajani. Neno lile hata Mkasi mwenyewe alikuwa amelisema miaka kumi. Akaketi kando yake kwenye benchi lile jeupe, bila kulikagua, bila kutandika kitu, akamshika mkono. Wakakaa hapo mpaka mfagiaji alipowaomba wainue miguu.