Amri ya Kuketi Mezani

Ukiniuliza mimi ni nani katika nyumba ile ya mjini Columbia, hapa Marekani, nitakujibu sijui, na sikutanii. Kazi yangu ni kumtunza Profesa Dunstan, mzee aliyefundisha historia ya China ya kale maisha yake yote, mpaka akili ikaanza kumpotea. Aliyeniajiri ni mwanawe Ethan, ambaye ofisi yake iko Arlington. Siku ya kwanza nilimwita bwana, akashtuka kama nimemtukana. "Niite Ethan tu. Hapa sote ni sawa." Kisha akanionyesha chumba cha kufulia nguo, ambako mhudumu hula chakula chake.

Nilicheka moyoni, lakini sikubisha. Mwaka uliopita nilikuwa nimekula kiapo cha uraia, nikapiga kura, na kile kibandiko wanachompa kila aliyepiga kura ningali nacho kwenye friji yangu. Kula githeri nimesimama kando ya mashine ya kufulia hakungenivua uraia.

Siku zile akili ilipokuwa ikimrudia, Profesa alinisimulia habari za enzi ya Han huku nikimwogesha. Matajiri walijaza watumwa majumbani, aliniambia. Wengine waliuzwa na wazazi wao wakati wa njaa, wengine walitiwa utumwani kwa kosa la ndugu. Niliwahurumia wote, nikamshukuru Mungu kwamba nilizaliwa wakati wa kura.

Basi mwezi uliopita mzee akaamka akiwa mtumwa.

Sijui nieleze vipi. Aliniona nimesimama jikoni na bakuli lake la supu, akapiga magoti, akaniita bibi mwenye nyumba. Chakula hakukigusa. Alisema mtumwa hali kabla ya bibi yake. Nilimwinua, akarudi chini. Kwetu Nyeri mzee wa umri wa babangu hampigii magoti mwanamke kama mimi. Ingetokea huko, ningeita watu waje tuombe.

Siku zikapita, suruali zikaanza kumdondoka. Ethan akasema wazi kwamba Jumapili ikifika baba yake hajaanza kula, atampeleka kwenye nyumba ya wazee. Nimewahi kufanya kazi katika nyumba hizo. Angekalishwa mbele ya televisheni mchana kutwa, na hakuna ambaye angejua Han ni kitu gani. Nilikuwa nimeshampenda yule mzee, nikaogopa.

Nikampigia simu Aketch, rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu kule College Park.

"Wee Wamaitha, si ukae tu ukule!" akasema. "Shida iko wapi?"

"Aketch, ni mzee. Amenipigia magoti!"

"Na asipokula? Pretend tu, mama. Uta-explain kwa Mungu baadaye."

Jumamosi adhuhuri nikavua aproni, nikakalia kiti cha Profesa mwenyewe, kile chenye mikono. Akaniletea supu kwa mikono miwili, kiasi kikimwagika, akapiga magoti. Nikanywa kidogo. Nikamwambia, "Sasa kula." Akala! Akala palepale sakafuni mpaka akalikomba bakuli. Machozi yakanitoka, na sikujua kama ni ya furaha au ya aibu.

Nikamjazia bakuli la pili. Hapo kamera ya ukutani, iliyowekwa ya kumwangalia mzee, ikatoa sauti.

"Wamaitha, kwa nini baba yangu yuko sakafuni?"

Alikuwa Ethan. Hakungoja jibu, na si muda gari lake likasimama nje. Alipoingia nilimweleza yote, uso ukamwiva.

"Baba, inuka. Hii ni Marekani. Hapa hakuna mtumwa wala bwana. Sote ni sawa."

Profesa alimtazama kwa hofu, akalisukuma bakuli. "Kama hakuna bwana," akauliza, "chakula hiki ni cha nani?"

Ethan alibembeleza, akafoka, akashika kijiko mwenyewe. Mzee akafunga mdomo kabisa. Mwishowe Ethan akanigeukia, sauti imemwishia.

"Bakuli la kwanza alilimaliza?"

"Lote, Ethan."

Akazunguka jikoni akijikuna kichwa. Nadhani alikuwa amechanganyikiwa kunishinda. Kisha ikamrudia ile sauti yake ya ofisini.

"Sawa. Kuanzia sasa, kila mlo utakaa kwenye kiti kile. Usimsaidie. Usiinuke mpaka amalize. Chakula chako mwenyewe utaendelea kula kule chumba cha kufulia, kama kawaida."

"Sawa, Ethan."

Nikaketi. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeamriwa kuwa bibi. Nilijiuliza kama kuna bibi wa Han aliyewahi kuonyeshwa kwa kidole mahali pa kukaa. Simu ya Ethan ikalia, akatoka nje kuipokea.

Profesa aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi niliyekaa wima, mikono mapajani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Uso ukamlainika. Akainuka polepole kwa kushikilia meza, akavuta kiti kando ya changu, akaketi. Bakuli akaliweka katikati yetu.

"Kumbe na wewe," akaninong'oneza. "Ni wazazi walikuuza, au ni kosa la ndugu?"

Akanitilia kijiko mkononi.

"Basi tule haraka, kabla hajarudi."

Tukala.