Gauni la Mama Mbonile

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa Tunduma aliyetaka kuonekana ana uwezo alivaa gauni la Marita. Mabega yamevimba, shanga kifuani, marinda kuanzia kiunoni mpaka chini; ukikaa unachukua nafasi ya watu wawili. Bei yake haikuulizwa mbele za watu. Wateja walivuka mpaka kutoka Nakonde kumfuata, na Marita alijiona, wala hakuficha, kuwa ndiye aliyeivalisha Songwe nzima.

Mwaka huu macho yakaanza kumsumbua, akamwachia mwanawe Eva kazi ya kubuni na kukata. Eva alisomea mavazi Dar es Salaam. Wiki ya kwanza tu akafuta marinda, akafuta shanga, akashusha mabega. Gauni likabaki jembamba, rangi moja, limenyooka toka shingoni hadi kifundoni. Alipoziweka picha kwenye status, maneno yakamiminika. Mmoja aliuliza kama vitambaa vimeadimika. Mwingine akaandika kwamba kwa bei ile angalau wangemalizia kushona. Vijana walisifia sana, ila vijana hawana hela. Wamama wa kwaya, wenye hela zao, wakakaa kimya, na kimya cha wateja Marita alikijua.

Yeye mwenyewe hakuyapenda magauni yale, tuseme tu ukweli. Lakini kulikuwa na mwenye duka wa Lusaka aliyempigia Eva kila wiki akimwita akafanye kazi huko, na Eva alishasema Tunduma ikimkataa anakwenda. Basi Marita akawa anayaombea magauni asiyoyapenda.

Aliyethubutu kuagiza la kwanza ni Mama Mbonile, mfanyabiashara wa mahindi. Alilitaka la kuwapokelea wakwe kutoka Nakonde, waliokuja kumposa binti yake. Jumamosi ile mchana alitokeza chini ya turubai, na mwanamke yule mnene akaonekana mrefu, ametulia, wa maana. Hata wale wa kwaya wakaanza kunong'onezana vizuri. Eva, aliyekaa kando ya mama yake, akashusha pumzi.

Wakwe wakaketi. Mama Mbonile akachukua jagi na beseni, akaenda kuwanawisha, na hapo ndipo Marita alipoona. Huku kwetu mwanamke hamnawishi mkwe amesimama. Anapiga magoti kwanza. Yale marinda yote ya Marita, miaka yote ile, yalikuwa na kazi. Eva, na shule yake yote, alikuwa ameshona gauni la kusimama.

Mama Mbonile alijaribu, magoti yakagoma katikati. Akajaribu kwa ubavu, maji yakamwagika. Eva aliziba uso kwa viganja.

Kuna kipande kidogo cha moyo wa Marita kilichofurahi, na alikionea aibu palepale. Akatoa kwenye mkoba kimkasi chake cha kukatia nyuzi, akapita mbele ya watu wote, akachuchumaa nyuma ya mteja wake.

"Tulia, mama," akamnong'oneza.

Akafumua mshono wa nyuma, kutoka kwenye pindo mpaka magotini. Mama Mbonile akashuka polepole, gauni likafunguka, gagulo jeupe likachungulia kidogo, kwa heshima zake.

"Mwapoleni mukwai," akawasalimia kwa Kibemba, na wakwe wakaitikia kwa makofi. Vigelegele vikafuata.

Baadaye, kwenye chakula, shangazi wa bwana harusi akamvuta Marita mkono. "Mpasuo ule wa kupigia magoti kabuni nani? Na mimi nautaka."

"Fundi ni huyu hapa," alisema Marita, akamsukuma mbele Eva, ambaye macho yake bado yalikuwa mekundu.

Wali haujaisha, wanawake tisa walikuwa wameshaomba wapimwe, watatu wao wa kwaya.

Jumatatu asubuhi simu ya Lusaka ikaita. "Samahani dada, sitakuja," alisema Eva. "Huku bado nasoma." Akakata, akachukua futi ya kupimia. "Mama, hebu piga magoti."

Marita akashuka sakafuni, maungo yakilia. Eva akampima kutoka kiunoni hadi gotini, akaandika, akarudia kupima.

"Ninyanyuke?"

"Bado, mama. Kaa hapohapo."

Marita akakaa hapohapo. Magoti yalimuuma kwelikweli, na hakutaka Eva amalize upesi.