Nyumba Nzima

Kwenye tangazo la kupokea wageni Zubery aliandika "nyumba nzima", na siku anaandika haukuwa uongo. Baba yake alikuwa hai, na mpango ulikuwa wageni wakija, wazee wanakwenda kulala kwa shangazi, kijiji jirani cha Miburani. Sasa baba kafariki mwezi uliopita, mama yuko eda, hatoki nyumbani wala haonwi na mwanamume wa kando, na wageni wa kwanza ndo hao wameshatua kutoka Dar.

Kuwakataa angeweza. Ila alishamtambia Iddi, mlinzi wa hoteli ya ufukweni, kwamba hoteli zimekwisha, watu siku hizi wanalala majumbani. Basi akamwomba mama akae kimya chumbani mpaka wageni watoke kwenda baharini kuangalia papa potwe. Mama akaingia. Zubery akamfungia kwa nje, ufunguo akautia mfukoni.

Mgeni mwenyewe, Mbaraka, mpole. Mkewe Husna ndo mwenye macho. Akazunguka sebule, akasimama kwenye ule mlango uliofungwa, akauliza mna nini humu. Zubery akasema stoo, nyavu za zamani.

Mle ndani mtu akakohoa.

Zubery akasema paka. Mbaraka akatania kwamba paka huyo ana mafua. Husna hakucheka.

Mara ikaadhiniwa alasiri. Zubery akawaharakisha, boti inasubiri, maji yatakupwa. Mbaraka akasema anataka kusali kwanza. Hapo kitasa kikatikiswa, taratibu, bila hasira.

"Zubery mwanangu, nifungulie nikatawadhe."

Husna akamgeukia Zubery.

"Mama yako?" Husna akauliza.

"Yuko eda."

Mbaraka akatoka nje mbio, viatu kaviacha. Husna akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Na wewe toka."

Kutoka kibarazani Zubery alimsikia Husna akitoa shikamoo, mama akiitikia marahaba, kisha maji kwenye ndoo, kisha sala. Halafu mama akasema na mwanawe kupitia dirisha.

"Mgeni wangu wa kike atalala na mimi. Mumewe mpeleke hotelini. Begi ubebe mwenyewe."

Akalibeba. Iddi alimwona tangu mbali, akalifungua geti lote kama anapitisha lori.

"Karibu bosi," akasema. "Hoteli zimekwisha, ila chumba kimoja tutakutafutia."

Zubery akapita. Begi lilikuwa zito, na mwenye begi alikuwa nyuma yake, hajamsemesha tangu nyumbani.