Mahari Pangu Pako Wazi

Haki ya Mungu, hii hutaamini, lakini soma tu.

Kulusum, binti wa Kinubi wa kule Kawempe, alikuwa amechoka mpaka nywele. Kazi yake kupanga linki za tovuti: ukurasa huu umpeleke mtu kwenye ule wa kufanana nao, asipotee. Tovuti ya Mama Nabintu, mjane wa Kikongo mwenye ukumbi wa harusi Nakawa, alishaikosea mara mbili. Ukigusa gauni, unatupwa kwenye pilau! Mama akamwambia, "Ukikosea tena, mtoto yangu, kazi ninampa mwingine."

Akapanga upya, macho yanajifunga yenyewe: kila neno "mahari", ukiligusa, likufungulie ukurasa wa mahari, ule wa kushauri wachumba. Kwisha. Akalala.

Sasa shida. Maandishi aliandika yeye, vile Kampala tunavyosema, na L na R kwetu ni mapacha. Alitaka kusema mahali, yaani ukumbi. Lakini chini ya picha ya Mama anacheka aliandika: "Mahari pangu pako wazi. Karibu tuongee."

Asubuhi simu ikalia.

"Kulusum! Kuja mbio! Kasereka iko hapa na mbuzi!"

"Kasereka gani, Mama?"

"Wa duka la vitenge, ule alifiwa na bibi yake wa ndoa! Anasema tovuti yangu imemwita!"

Kulusum akagusa lile neno chini ya picha. Ukurasa ukafunguka: "Mahari: anza na mbuzi, mengine mtazungumza." Mara ya tatu hiyo, maskini bambi.

Alipofika ukumbini, mbuzi anatafuna maua ya plastiki. Kasereka yuko ndani ya suti, jasho linamtiririka. "Mama Nabintu," anasema polepole, "si umeandika uko wazi? Mimi siku zote niliogopa kuuliza."

Mama akamvuta Kulusum pembeni. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilimtisha. Tena alikuwa amepaka wanja!

"Sema kweli. Hii linki ulipanga, ao ni kosa yako tena?"

Akisema kosa, kazi imekwenda, na mzee wa watu arudi barabarani na mbuzi wake, Nakawa nzima inacheka. Akisema alipanga, ni uongo. Lakini ule wanja jamani...

Kulusum akafungua mdomo ajibu.

Wewe ungemjibu nini?