Mtu Mbele ya Basi

Munira alianza kujifunza udereva mwaka 1994, miezi mitano baada ya mdogo wake, Hija, kukatwa mguu. Hija alikuwa muuza samaki. Alishuka basi pale Mtoni, akapita mbele yake ili avuke Barabara ya Kilwa, pikapu iliyokuwa ikilipita basi ikamkumba.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja hukohuko Mtoni. Katikati palikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara, na vigari vya plastiki juu yake. Mwalimu Gregori, aliyewahi kuendesha malori, aliwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa trafiki, ambapo askari hupanga vigari kisha huuliza hatari iko wapi.

Siku moja Gregori aliegesha basi la plastiki kituoni pale mezani, akaleta kigari nyuma yake na lori upande wa pili.

"Hatari iko wapi?"

"Lori linalokuja mbele," akajibu kijana mmoja, Anwar.

"Safi."

"Na mtu aliye mbele ya basi," akasema Munira.

"Mtu gani? Mie sijaweka mtu."

"Ndiyo hatari yenyewe, mwalimu. Dereva hamuoni."

Darasa likacheka. Gregori naye akacheka. "Sista, huyo akigongwa kajitakia. Askari akikuuliza, sema kosa ni la mtembea kwa miguu. Si mwaka huuhuu, hapo nje, muuza samaki mmoja kakatiza barabara kama kuku? Dereva nilimfundisha mie, na kesi akashinda."

Munira akamkazia macho.

"Ulimfundisha wewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Basi ulimfundisha vibaya. Huyo kuku ni mdogo wangu, tumbo moja."

Kicheko kikakatika. Gregori akashusha macho. "Pole, dada. Sikujua."

"Sitaki pole yako! Weka mtu mezani."

"Sina visanamu vya watu hapa."

Munira akampokonya chaki mkononi, akaisimamisha mbele ya basi. "Huyo hapo. Fundisha."

"Darasa ni langu. Toka nje!"

Munira hakutoka. Anwar akajikohoza. "Mwalimu, hata mie nataka kujua. Huyo tunampitaje?"

Gregori akakishika kile kigari. "Unapunguza mwendo," akasema kwa sauti ya chini. "Unaweka mguu kwenye breki. Unapiga honi. Unaacha nafasi kubwa ubavuni mwa basi."

Munira akaandika, kalamu ikatoboa karatasi.

Mtihani ulifanyika wiki mbili baadaye. Aliporudi nyumbani, Hija alikuwa barazani akipara samaki, magongo yake yameegemea ukuta.

"Umefaulu, dada?"

"Nimefaulu."

"Mbona umenuna hivyo?"

Munira akaitupa karatasi ya matokeo mkekani. "Askari kaniuliza jinsi ya kuzunguka kiplefti, kaniuliza kuvuka reli. Habari ya basi hakuigusa kabisa. Wenzangu wote wamepita, Hija, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa juu ya mtu aliye mbele ya basi."