Si Mbaya, Asante

Barua ilisema niende mji wa jirani wa Blackburn, Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, nikaulizwe kama kweli siwezi kutoka nyumbani. Niliisoma nimesimama nyuma ya mlango, nikaketi palepale juu ya zulia la kufutia viatu, nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Miaka mitatu sasa sijavuka lango langu peke yangu. Kwa daktari napelekwa na jirani yangu, Bi Beryl, ananishika kiwiko, nami nakaza macho kwenye viatu vyangu mpaka tufike. Sasa watu hawa wanataka niende Blackburn nikawaonyeshe kwamba siwezi kwenda Blackburn.

Nisipofika, barua ilisema, malipo yangu ya ulemavu yatakatwa. Ni kwa malipo hayo chakula huletwa mlangoni kwangu, na kwa hayo nawasha hita. Yakikatika itabidi nitoke, na nikitoka nakufa. Ndiyo, najua sifi. Daktari ameniambia mara mia kwamba hofu haiui mtu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daktari analala kwake.

Nikapiga simu kuomba wao ndio waje nyumbani. Kabla ya kupiga niliyaandika maneno yangu yote kwenye karatasi, hata jina langu, Maxine Haworth, maana hofu ikinipanda hulisahau. Mara mbili nilikata simu nikiwa bado nasikilizishwa muziki. Mara ya tatu akapokea dada mmoja.

"Habari yako leo, Bi Haworth?"

"Si mbaya, asante. Na wewe?"

Hata jina langu nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi. Lakini huku kwetu Burnley ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa hali, unajibu si mbaya. Mtu kakatwa mguu, si mbaya. Marehemu mama yangu alimjibu nesi hivyohivyo asubuhi, na saa saba mchana tukamfunika shuka.

Yule dada akataka barua ya daktari. Bi Beryl akaenda kuidai, akakaa mapokezi na mkoba wake mapajani, akawaambia haondoki bila barua hata wakifunga mlango. Ikaandikwa. Baada ya wiki mbili nikajibiwa kwamba atakuja mtu kwangu, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Bi Beryl akanikalisha jikoni.

"Nisikilize, mwanangu. Vyombo usioshe. Nywele usichane. Chai usimpe."

"Mgeni nimnyime chai?"

"Huyo si mgeni! Amekuja kukupima. Shemeji yangu aliwakatia keki, wakaandika ana mikono yenye nguvu. Na akikuuliza hali, mwambie hali mbaya."

"Nitaona haya, Bi Beryl."

"Hiyo haya ndiyo itakayokuwashia hita?"

Nilimwahidi. Wallahi nilikusudia kushika ahadi, kama mtu wa Burnley anaweza kuapa hivyo.

Lakini kulipokucha hofu ilikuwa imeshafika kabla ya mgeni. Hofu yangu haikai bure, inataka kazi. Nilitapika, nikasafisha choo. Nikaosha vikombe vyote, nikaviosha tena. Nikatoka na ndoo nikasugua kizingiti cha mlango wa mbele, kama bibi yangu alivyokuwa akikisugua kila Ijumaa ili watu wasije wakasema. Kutoka kizingitini hadi langoni ni hatua sita. Nilisugua nikiwa nimeipa barabara mgongo. Kisha nikasimama nyuma ya pazia nikahesabu magari. La kumi na tisa likasimama.

Bwana Fairclough alikuwa mtu mpole. Afadhali angekuwa mkali. Alifuta viatu vyake mara nne, akasifu nyumba.

"Habari yako leo, Bi Haworth?"

"Si mbaya, asante. Na wewe?"

Akaandika kwenye kompyuta yake. Nilisikia vidole vyake vikigonga, nikatamani kulirudisha neno, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Na badala ya kunyamaza, nikasikia mdomo wangu unauliza, "Chai?"

Nikamletea kwenye trei, kikombe na kisahani chake, maziwa pembeni, biskuti za chokoleti nilizokuwa nimeziweka za Krismasi. Jikoni nilikuwa nimejiunguza kidole kwa birika, nikakificha kwenye mkono wa sweta. Yeye aliona trei tu.

"Unapotoka nje, unaogopa nini hasa?"

Swali hilo nimelijibu kichwani mwangu miaka mitatu. Naogopa anga jinsi lilivyo pana. Naogopa moyo utasimama mbele ya duka la mikate na watu wataniruka wapite. Naogopa nitapiga yowe na sitaweza kulizima. Mwanamume mgeni alikuwa kwenye kochi la mama yangu, anatafuna biskuti, ananisubiri.

"Ah, upuuzi tu," nikasema, nikatabasamu.

Akagonga tena vidole. Akauliza kama napika, kama naoga, kama nina marafiki. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni mpaka kiunoni na masikio yananivuma, na kila jibu lilitoka limenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mwishoe akasimama, akanishukuru kwa chai.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa kubwa. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza hadi langoni, unasimama, unapunga mkono mpaka gari lake lipinde kona. Usipofanya hivyo mtaa mzima utajua huna adabu. Miguu yangu ilimfuata yenyewe. Akafungua lango, akauliza barabara ya kwenda Padiham iko upande gani, nami nikatoka hadi ukingo wa barabara nikamwonyesha kwa kidole. Akaingia garini. Nikapunga mkono. Nilipunga nikitabasamu mpaka akapinda kona.

Kisha nikageuka, na nyumba yangu ilikuwa mbali.

Hatua saba, nane. Sikuweza hata moja. Upepo ulikuwa umeusukuma mlango ukajifunga. Nilishika nguzo ya lango kwa mikono yote miwili. Pumzi ikaniishia kifuani, vidole vikafa ganzi, barabara ikaanza kuinama upande mmoja. Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akaniuliza kama niko salama.

"Si mbaya, asante," nikamwambia, akaenda zake.

Bi Beryl alinikuta nimechuchumaa chini ya nguzo, nimejikojolea, mchana kweupe. Alinifunga koti lake kiunoni, akachukua ufunguo wangu wa akiba kwake, akaniingiza ndani. Alipoona trei mezani ndipo akaketi na kufunika uso.

"Ulimpa na biskuti," akasema.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Malipo yamekatwa. Bwana Fairclough alikuwa ameandika ukweli mtupu, hakuongeza chumvi hata chembe. Nyumba ni safi. Mteja alijibu maswali kwa utulivu. Alipika chai bila msaada. Aliniangalia machoni. Alitoka nje bila kushikwa, akanielekeza njia, akanipungia mkono akitabasamu. Niliisoma mara tatu nikimtafuta mtu wa kumkasirikia, na kila mara nilijikuta mwenyewe. Nilikuwa nimepimwa nyumbani kwangu, kama nilivyoomba, nami nikajificha nyumbani humohumo.

Nina haki ya kupinga ndani ya mwezi mmoja. Wiki tatu nililala na barua chini ya mto. Leo Bi Beryl ameniwekea simu mezani, akaenda kusimama ukumbini, akijifanya anatazama mvua. Hita imezimwa. Karatasi yangu ya maneno iko mbele yangu, lakini herufi zinacheza na sizioni.

Muziki. Muziki. Kisha sauti ya mwanamke.

"Pole kwa kusubiri. Habari yako leo, Bi Haworth?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Niliisikia ladha yake. Bi Beryl aligeuka akaniangalia.

"Naogopa," nikasema.

"Samahani, sijakusikia vizuri."

"Naogopa. Niko jikoni kwangu na naogopa. Siku ile alipokuja mtu wenu pia niliogopa. Ile chai niliipika nikiogopa, nikajiunguza, nikaficha kidole. Alipoondoka nilijikojolea barabarani." Nilikuwa nalia na sikuwa nalizuia. "Hali yangu mbaya, dada. Mbaya sana. Tafadhali andika hivyo."

Upande wa pili nikasikia vidole vyake vikianza kuandika.